Mkoa wa Mara: Mipaka Iliyohama na Watu Waliohesabiwa

(Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa dayosisi katika wiki ya maadhimisho ya miaka mia moja)



Kamati ya maadhimisho iliomba ielezwe habari ya nchi hii inayozunguka mji wa Musoma: imegawanywaje, na nani, na watu wake ni wangapi na wanakaa wapi. Ni mada ambayo kwa kawaida huachiwa maofisa wa takwimu. Hata hivyo kila Mkristo hukutana na sensa mapema sana katika Injili ya Luka, pale Yusufu anapofunga safari kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu ili aandikwe katika mji wa baba zake. Tofauti iliyopo kati ya hesabu ile na hesabu ya Tanzania ndiyo itakayoongoza mazungumzo haya. Kaisari Augusto alimrudisha mtu kwenye asili yake ndipo akamhesabu. Serikali ya Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kijana wa Bunda aliyelala Mbagala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ni mtu wa Dar es Salaam katika vitabu vya sensa, hata kama kitovu chake kimezikwa Nyamuswa na mama yake bado anamwekea kitanda.

Lakini kabla ya watu, mipaka.

Na lichukuliwe boma moja tu pale Butiama, ambalo halijahama hata hatua moja kwa miaka mia. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka 1922, kama alivyozaliwa Kambarage mwana wa Mtemi Nyerere Burito, alizaliwa katika nchi iliyokuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani na kukabidhiwa Waingereza waitawale kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Alipoanza kuchunga, serikali ya Gavana Cameron ilikuwa imekata Tanganyika katika majimbo kumi na moja, na boma lile likawa chini ya Jimbo la Mwanza. Alipokwenda shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, majimbo ya Mwanza na Bukoba yalikuwa yamekwisha kuunganishwa kuwa Jimbo la Ziwa. Baada ya Uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jimbo la Ziwa likavunjwa na boma likaingia Mkoa wa Mara, Wilaya ya Musoma. Baadaye mji ulipotengwa na vijiji vyake, boma likawa la Musoma Vijijini. Mwaka 2012 likawa la Wilaya ya Butiama. Mwenye boma angekuwa hai hadi leo angebadilisha anwani mara tano au sita pasipo kuhamisha hata chungu.

Watu wengi hudhani kwamba mkoa ni kitu cha asili, kama mlima. Mkoa ni uamuzi tu. Wakati Mjerumani alipoingia pande hizi hapakuwa na kitu kinachoitwa Mara ila mto. Palikuwa na Wajita, Waruri na Wakwaya kandokando ya ziwa; Wazanaki, Waikizu, Waikoma, Wanata na Wangoreme kuelekea mashariki; Wakurya, Wasimbiti na Wajaluo kaskazini; Wataturu na ng'ombe wao katikati ya mbuga. Wengi wao hawakuwa na mtemi mmoja mwenye enzi kama Wasukuma au Wahaya. Waliongozwa na wazee, marika na waganga wa mvua. Mtawala wa kigeni hapendi hali hiyo, kwa kuwa hajui amtume nani kodi. Kwa hiyo aliteua watemi pasipokuwa na watemi, na akachora mipaka ya utemi pasipokuwa na mipaka. Hapo ndipo mgawanyo wa kwanza ulipofanyika, na baadhi ya majina ya tarafa na kata za leo ni mabaki yake.

Hao watu nao walikuwa wachache kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe na wanyama wa porini, kisha njaa ikafuata. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita nyanda za Serengeti mwaka 1892 akielekea ziwani, aliandika habari za watu waliokondeana wakiomba chakula. Malale yakaja baadaye kwenye fukwe za ziwa. Vichaka vikaota mahali palipokuwa na malisho, mbung'o wakavifuata vichaka, na watu wakawakimbia mbung'o. Wazungu waliofika baadaye wakaona pori tupu wakalidhania ni pori la tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Kosa hilo la macho liligharimu sana, maana hifadhi zilizotengwa katika karne iliyofuata zilitengwa kwa imani kwamba hapakuwahi kuwa na mtu.

Mpaka wa kaskazini una historia yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanze kwenye mdomo wa Mto Umba, pwani, uzunguke chini ya Kilimanjaro, kisha unyooke hadi ukingo wa mashariki wa Ziwa Victoria penye nyuzi moja ya kusini mwa Ikweta. Mwaka 1890 wakauendeleza kuvuka ziwa. Hakuna hata mmoja wa waliotia saini aliyekuwa ameonja maji ya Mto Mori. Mstari huo uliwakata Wakurya katikati: wa Tarime wakawa wa Mjerumani, wa Kehancha wakawa wa Mwingereza. Wajaluo nao wakakatwa vivyo hivyo. Hadi leo mzee wa Sirari anaweza kuwa na shamba upande huu na mkwe upande wa pili, na akienda kutoa ng'ombe wa mahari anavuka mataifa mawili kabla ya chai ya saa nne. Mpaka huo ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983, Musoma iliumia kuliko miji mingi ya ndani ya nchi, kwa sababu biashara yake ya majini na ya barabara ilitazama Kisumu kwa kiasi kile kile ilivyotazama Mwanza.

Ndani ya mkoa wenyewe mpaka mkubwa zaidi haukuchorwa na mtu. Ni Mto Mara, unaotoka milima ya Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara na Serengeti, ukatambaa kwenye mabwawa ya mafunjo na kumwaga maji yake ziwani kaskazini ya Musoma. Waingereza walipoona taabu ya kutawala ng'ambo ile kutoka Musoma, waliitenga ikawa wilaya ya North Mara, makao yake Tarime. Hadi daraja la Kirumi lilipojengwa katika miaka ya 1980, msafiri alisubiri kivuko, na kivuko kilipoharibika alisubiri siku. Mchungaji au mwalimu aliyepangiwa kazi Tarime alihesabiwa kama amekwenda nchi nyingine. Daraja moja lilifanya kazi ya kuunganisha mkoa ambayo matangazo ya serikali yasingeweza kuifanya.

Baada ya Uhuru migawanyo ilifuatana. Serengeti, makao yake Mugumu, ikawa wilaya katika miaka ya 1970. Bunda ikafuata katika muongo wa 1980. Rorya ilitoka Tarime mwaka 2007, na Butiama ikatoka Musoma mwaka 2012. Leo Mkoa wa Mara una wilaya sita na halmashauri tisa, kwa kuwa Musoma, Bunda na Tarime kila moja ina halmashauri ya mji au manispaa mbali na ile ya vijijini. Hata jirani wamebadilika. Zamani aliyetoka Bunda kwa barabara kwenda kusini aliingia Mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka 2012, ilipotengwa Busega kuwa sehemu ya Mkoa mpya wa Simiyu, abiria wa basi la Mwanza hutoka Mara akaingia Simiyu, na Mwanza humpokea baadaye. Kwa Mwanza, Mara imebaki kupakana kwa maji, upande wa Ukerewe, na wa Kisorya wanakijua vizuri kivuko chao.

Haifai kudhani kwamba mabadiliko haya yalikuwa ya makaratasi tu. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa na madaraka yakapelekwa mikoani. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha. Kati ya hapo ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 familia nyingi za Mara, zilizozoea kukaa kila mji peke yake juu ya kilima na ng'ombe wake, zilihamishiwa kwenye mistari ya nyumba kandokando ya barabara. Anayetaka kuelewa kwa nini ramani ya makazi ya Bunda au Butiama inafanana na shanga zilizotungwa kwenye uzi wa barabara, aanzie hapo. Zahanati, shule na makanisa vilijengwa kwenye uzi huo huo, na hata waliorudi kwenye mahame yao miaka ya baadaye waliacha ibada na shule barabarani.

Sasa watu. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu 544,125 katika Mkoa wa Mara. Ya mwaka 1978 ilikuta 723,827. Mwaka 2002 walikuwa wamepita 1,360,000; mwaka 2012 walikuwa 1,743,830; na mwaka 2022 walikuwa 2,372,015. Kwa miaka hamsini na mitano mkoa umezidisha watu wake zaidi ya mara nne. Mwenye kuona msongamano katika stendi ya Bweri atasema kwamba mkoa umejaa, na hakosei. Mwaka 2012 Mara ilikuwa na wastani wa watu 80 katika kilomita moja ya mraba ya nchi kavu, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 51. Mwaka 2022 Mara ilifika watu 109. Na wastani huo unapunguza ukali wa mambo, kwa sababu katika hiyo nchi kavu imehesabiwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na yale mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yaliyotangazwa mwaka 1994. Nyumbu wanahesabiwa kilomita zao pamoja na za binadamu. Ukiondoa ardhi ambayo mtu haruhusiwi kulima wala kuchunga, nafasi ya mkulima wa Natta au Hunyari inakuwa ndogo kuliko kitabu kinavyosema.

Hata hivyo kuna jambo ambalo hesabu hizo hulificha mpaka zilinganishwe na za taifa zima. Mwaka 1967, kati ya kila Watanzania 1,000, watu 44 walikuwa katika Mkoa wa Mara. Mwaka 2022, kati ya kila 1,000, walikuwa 38. Kama Mara ingeshika fungu lile lile la mwaka 1967, leo ingekuwa na watu zaidi ya 350,000 juu ya waliohesabiwa, yaani Manispaa ya Musoma mbili na ziada. Mara si mkoa wa uzazi mdogo. Wodi za wazazi zinashuhudia. Basi sehemu kubwa ya hao wanaokosekana wanalala mahali pengine: Mwanza, Dar es Salaam, Arusha, Geita kwenye dhahabu, kambi za jeshi na vituo vya polisi vya nchi nzima, ambako tangu enzi za King's African Rifles vijana wa Mara hawajawahi kuwa haba.

Ushahidi wa pili upo katika wanaume na wanawake. Mwaka 2022 Mara ilikuwa na wanaume 1,139,511 na wanawake 1,232,504. Tofauti ni karibu 93,000. Kwa kila wanawake 100 palikuwa na wanaume 92, wakati taifa zima lilikuwa na wanaume 95 kwa wanawake 100. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha sura hiyo hiyo. Anayeketi nyuma kanisani Jumapili na kutazama mabenchi hana haja ya kitabu cha takwimu. Ila ni vema kujua kwamba mabenchi hayo hayasemi habari ya uvivu wa wanaume katika ibada peke yake. Wengine hawapo mkoani kabisa.

Ndani ya mkoa mambo hayakwenda sawa pia, na hapa ndipo hesabu inapogusa mipango ya kanisa na ya serikali. Kati ya mwaka 2012 na 2022 mkoa mzima uliongezeka kwa asilimia 36. Tarime, mji na vijiji vyake, iliongezeka kutoka watu 339,693 hadi 537,891, yaani asilimia 58. Dhahabu ya Nyamongo na biashara ya Sirari zinavuta. Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, ile ya Majita na fukwe za ziwa, ilitoka 178,356 ikafika 266,665, karibu nusu nzima juu ya ilivyokuwa. Serengeti na Rorya zilikwenda karibu sawa na mkoa. Bunda, mji na vijiji, ilitoka 335,061 ikafika 426,792, asilimia 27. Manispaa ya Musoma, makao makuu ya mkoa, ilitoka 134,327 ikafika 164,172, asilimia 22 tu. Na Butiama ilitoka 241,732 ikafika 281,656, asilimia 17.

Hesabu hizi mbili za mwisho zinastahili kutulizwa kidogo. Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi. Wenyeji husimulia kwamba hata jina lake limetokana na neno la kienyeji lenye maana hiyo hiyo. Maji pande zote, na ardhi inakwisha. Mji ulikua kwa pamba, samaki, ofisi za serikali na kiwanda cha nguo cha Mutex. Kiwanda kilipodhoofika na minofu ya sangara ikapungua, hapakuwa na kitu cha ukubwa ule cha kuwashika vijana. Wakati huohuo Bunda, iliyopo kwenye barabara kuu ya kutoka Mwanza, penye njia panda ya kwenda Kisorya na Ukerewe, imekuwa mahali pa kushukia. Halmashauri ya Mji wa Bunda ilihesabiwa watu 182,970 mwaka 2022, zaidi ya Manispaa ya Musoma yenyewe. Ni kweli kwamba ndani ya mipaka ya mji huo mna mashamba na vijiji vingi, kwa hiyo si haki kuilinganisha nyumba kwa nyumba na Musoma. Lakini anayepanga shule ya sekondari, zahanati au mtaa mpya wa usharika kwa kufuata mazoea kwamba Musoma ndiyo kubwa na Bunda ni ya kupitia, anapanga kwa ramani ya baba yake.

Habari ya Butiama ni ngumu zaidi kuisema hadharani, kwa heshima ya mahali penyewe. Hapa ndipo alipozaliwa Baba wa Taifa, na hapa Mwitongo ndipo alipozikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Wilaya ilipotangazwa, wengi walitumaini kwamba jina lingevuta watu. Ongezeko la asilimia 17 kwa miaka kumi ni kama asilimia moja na nusu kwa mwaka, chini ya idadi ambayo uzazi peke yake ungeileta. Maana yake ni kwamba wanaoondoka wanazidi wanaoingia. Kiabakari na Buhemba ziliwahi kuwa na migodi mikubwa ya dhahabu wakati wa mkoloni, na wafanyakazi walitoka mbali. Migodi ile mikubwa ilipofungwa, wakabaki wachimbaji wadogo wanaokuja na kuondoka kwa kufuata mwamba. Ofisi ya mkuu wa wilaya huleta watumishi mia kadhaa, si vijana elfu kadhaa. Kugawa wilaya kunamsogezea mwananchi mhuri na saini, jambo ambalo si dogo kwa mama aliyekuwa akilala njiani kufuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Ila mhuri haulimiki.

Na mipaka inapokatwa mahali ambapo ardhi imebana, inaweza kuumiza. Tarime inajulikana nchi nzima kwa ugomvi wa koo juu ya mashamba na malisho, hata Jeshi la Polisi likaifanya Tarime na Rorya kuwa kanda maalumu yenye kamanda wake. Wengine husema Wakurya ni watu wa vita kwa asili. Msemo huo ni wa kivivu. Penye watu walioongezeka kwa asilimia 58 katika miaka kumi, na mpaka wa nchi kaskazini, hifadhi mashariki, mgodi katikati, hata watu wapole wangetazamana kwa jicho la ukali juu ya kipande cha malisho. Swali la kuwauliza ni nani aliyepima ardhi, na kwa nani.

Linabaki jambo moja ambalo usharika unaweza kulifanya na Ofisi ya Taifa ya Takwimu haiwezi. Sensa huja kila baada ya miaka kumi na humuuliza mtu alipolala. Rejesta ya usharika inamjua tangu ubatizo. Inamjua alipopata kipaimara, inajua barua ya utambulisho iliandikwa kwenda usharika gani alipohama, na mara nyingi inajua alikorudishwa kuzikwa. Barua hizo za utambulisho huandikwa, zikagongwa mhuri, kisha nakala yake haitunzwi au hutupwa boksini. Kama zingeandikwa katika daftari moja, mwaka, jina, umri na mahali anakokwenda, usharika ungekuwa na picha ya wana wa Mara waliotawanyika ambayo hakuna kitabu cha serikali kinachoweza kuionyesha. Kamati ya maadhimisho imekwisha kukusanya rejesta za zamani kwa ajili ya kitabu hiki. Ziko mezani ofisini, zimefungwa kwa uzi, na karani wa usharika anao ufunguo.